Ati Deni Halivuki Bahari

Limezuka neno katika vijiji vyetu, nasi tumelisikia mara nyingi hata hatuwezi tena kulinyamazia. Lasemwa katika vituo vya mabasi, lasemwa vilabuni, lasemwa hata nje ya kanisa watu wakingojeana kwenda makwao. Neno lenyewe ni hili: ati deni halivuki bahari. Maana yake, kijana aliyekwenda Arabuni kutafuta kazi, akakopa huko, kisha akashindwa kulipa, na apande ndege tu arudi kwao. Wadai watabaki ng'ambo wakipiga kelele, na baada ya miaka michache mambo yatasahauliwa, naye ataweza kwenda tena na kuanza upya kama mtu asiyejulikana.

Twasema neno hili ni uongo, tena uongo wenye kudhuru. Wala si watoto walisemao. Hulisema watu wazima wenye nyumba za bati, na wengine wao ni wazazi. Msemaji mwenyewe aghalabu hana hasara: yeye hakukopa, wala hatasafiri. Atakayesimama mbele ya dirisha la pasi ni kijana aliyemsadiki.

Yafaa kwanza msomaji asiyepata kufika huko aelewe jinsi deni hili linavyozaliwa. Tuseme kijana wetu amepata kazi Dubai, ni karani wa ofisi au msimamizi wa duka. Mshahara wake haulipwi mkononi, bali wapitia benki. Benki ikiisha kuuona mshahara ukiingia mwezi baada ya mwezi, humpigia simu yenyewe. Humpa kadi ya mkopo. Kisha humpa mkopo wa fedha taslimu, na kwa miaka mingi desturi ilikuwa kumtaka atie sahihi hundi ya dhamana, ikawekwa kabatini ikingoja siku ya kushindwa kwake. Nyumba nazo hukodishwa kwa mwaka, na kodi aghalabu hulipwa kwa hundi chache zenye tarehe za mbele. Asiyeweza peke yake huungana na wenziwe watano au sita, mmoja wao akaandika jina lake katika mkataba. Simu nzuri huchukuliwa kwa malipo ya mwezi kwa mwezi. Na duka dogo la chini ya jengo, ambalo mara nyingi lashikwa na Mhindi wa Kerala, humwandika daftarini mchele, maziwa na sabuni hata mwisho wa mwezi.

Na huku nyumbani je? Nyumbani twafurahi. Mama apelekewa bati, mdogo wake alipiwa ada, harusi ya dada yafanywa kwa matarumbeta na ng'ombe wawili. Hakuna aulizaye kama fedha hizi ni za mshahara au ni za kadi. Wazee walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Walakini sisi twala harusi yetu hata tukashiba, na matanga twamwachia yeye peke yake ugenini.

Kisha siku moja kazi yakatika. Kibali cha kukaa katika nchi ile kimefungwa na kazi. Kazi ikiisha, kibali nacho huisha baada ya muda mfupi. Deni halipungui, mshahara haupo, na tiketi ya kurudi i mkononi. Hapo ndipo rafiki amwambiapo lile neno la bahari.

Wako waliolijaribu zamani, tena wengi. Mwaka 2008 misukosuko ya fedha iliyoanzia Marekani ilifika Dubai; majengo yakasimama nusu, na watu kwa maelfu wakapoteza kazi. Ndipo dunia iliposikia habari za magari yaliyoachwa katika uwanja wa ndege na wenyewe wakaenda zao. Magazeti ya Ulaya yalitaja maelfu ya magari. Polisi wa Dubai wakakana, wakasema yalikuwa machache mno. Sisi hatuna haja ya kuyahesabu. Yatutosha kujua sababu ya kukimbia. Sheria ya nchi ile kwa wakati ule ilihesabu hundi iliyorudi kwa kukosa fedha kuwa kosa la jinai, na adhabu yake yaweza kuwa kifungo. Basi yule aliyekuwa na hundi kabatini mwa benki alijua kwamba mwezi wa pili au wa tatu ataitwa polisi, akaona heri ndege kuliko gereza.

Je, deni lilibaki nyuma likafa? Wadai walizipeleka hundi zile polisi, na jina likaandikwa. Miaka ikapita. Wako waliorudi, wengine kwa kazi mpya, wengine kwa kutembea tu, wakidhani kwamba karani wa uwanja wa ndege hana kumbukumbu ndefu hivyo. Wakakamatwa palepale penye dirisha la pasi. Na wako wajanja wasemao kwamba watapata pasi mpya, au watageuza jina la baba kuwa la kwanza. Hawajui kwamba nchi ile tangu mwanzo wa karne hii hupiga picha mboni za macho ya wageni ili kuwatambua waliofukuzwa wanaporudi kwa jina jingine, na kwamba kila mkaaji hutia alama za vidole vyake anapopewa kitambulisho. Pasi mpya haileti macho mapya.

Hapa wapinzani wetu hutujibu kwa furaha: “Ninyi waandishi mmelala. Sheria imekwisha kubadilika.” Ni kweli imebadilika, nasi twaijua. Tangu tarehe 2 Januari 2022 hundi iliyorudi kwa kukosa fedha tu si kosa la jinai tena katika Falme za Kiarabu, isipokuwa pana udanganyifu, kama vile mtu kuifunga akaunti kwa makusudi kabla ya hundi kufika, au kughushi. Twaliona badiliko hili kuwa jema. Lakini waliolishangilia vijijini wamesoma nusu ya habari. Sheria ile ile iliyomwondolea mdaiwa gereza ilimpa mdai njia fupi kuliko ya kwanza: hundi iliyorudi sasa ni hati ya kutekelezwa yenyewe, na mwenye kuishika aenda moja kwa moja kwa hakimu wa utekelezaji, pasipo kesi ndefu ya kuthibitisha kwamba adai.

Tena liko zuio la kusafiri. Mdai ambaye deni lake halipungui dirhamu 10,000 aweza kumwomba hakimu amzuie mdaiwa asitoke nchini, akionyesha kwamba pana sababu ya kuogopa atakimbia. Na ni nani aogopwaye kukimbia kuliko yule aliyekwisha kukimbia mara moja? Sikilizeni basi jinsi mtego huu ulivyo. Yule wa zamani alikamatwa akiingia. Huyu wa sasa aweza kuingia vizuri, akapigiwa pasi yake muhuri, akalala kwa rafiki, akafanya shughuli zake. Siku ya kuondoka ndipo aambiwapo kwamba hatoki. Hakufungwa gerezani, walakini hawezi kwenda kwao. Kibali chake cha kutembelea chaisha, kazi haruhusiwi kufanya, na faini ya kukaa bila kibali ni dirhamu 50 kwa kila siku. Mwenye kujua hesabu na azidishe: kwa mwaka mmoja ni dirhamu 18,250. Kwa watu wengi wa kwetu hiyo yaweza kupita deni lenyewe lililowakimbiza.

Wala asiwaze kwamba ataikwepa Dubai na kwenda Maskati au Doha. Mataifa sita ya Ghuba yana mapatano ya kutekelezeana hukumu za mahakama zao.

Mambo haya si ya Waarabu peke yao. Uingereza, mgeni aliyetibiwa katika hospitali za serikali akaondoka bila kulipa, deni lake likifika paundi 500, habari zake hupelekwa kwa wakuu wa uhamiaji, nao waweza kumnyima viza atakapoomba tena. Kanuni hiyo ilipoanza mwaka 2011 kiasi kilikuwa paundi 1,000, wamekipunguza, hawakukiongeza. New Zealand, wale waliosomeshwa kwa mkopo wa serikali kisha wakahamia nchi nyingine bila kulipa waweza kukamatwa mpakani, na mdaiwa wa kwanza alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Auckland mwezi wa Januari 2016.

Tena wasituambie kwamba haya ni mambo ya kizungu na ya kompyuta. Pwani yetu yalijua deni la safari tangu kale. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara katika karne ya 19 ilikwenda kwa mali ya kukopa: nguo, shanga na waya, zilizotolewa na matajiri wa Kihindi wa Unguja kwa ahadi ya pembe za ndovu. Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip, alikwenda bara kwa mali ya Taria Topan, akakaa miaka kama kumi na miwili, hata akarudi Unguja mwaka 1882. Hatumsifu mtu yule, maana biashara yake ilichanganyika na damu na minyororo ya watumwa. Twataka mwangalie jambo moja tu. Huko Manyema alikuwa mkubwa mwenye bunduki, wala hapana askari wa Unguja awezaye kumfikia. Hata hivyo alirudi pwani na pembe. Mtu wa biashara ile alijua kwamba asiporudi, milango yote ya Unguja itafungwa mbele yake na mbele ya jamaa zake. Tajiri aliweza kungoja miaka kumi na miwili. Na hapo hapakuwa na simu wala kompyuta, palikuwa na daftari tu.

Basi sasa tufike penye jambo linalotuchoma kuliko gereza na kuliko faini. Wasemao neno la bahari husema daima juu ya benki. Benki, wasema, ni tajiri, haina njaa, haina mtoto mgonjwa. Ukiikimbia hukumdhulumu mtu. Haya, tuiache benki kwanza. Tumtazame yule mwenzake aliyeandika jina lake katika mkataba wa nyumba. Huyu ni mtu wa Kilifi, au wa Tanga, au wa Masaka. Alilala kitanda cha juu, mkimbizi wetu alilala cha chini. Asubuhi aamka akuta kitanda kitupu. Hundi ya kodi imebaki, ina jina lake yeye, na sehemu ya aliyekwenda sasa ni juu yake. Naye hawezi kukimbia, kwa sababu ana kazi bado. Au tumtazame Mhindi wa duka. Wako watu wetu wacheko wanaposema, “Nilimwachia Mhindi daftari.” Yule Mhindi ni mgeni kama wao. Naye ameacha mke na watoto, naye huenda alikopa kwao ili aje. Duka aghalabu si lake. Hesabu ikipungua, mwenye duka humkata mshahara wake. Alikupa mchele mwezi ambao mshahara wako ulichelewa, wala hakukuuliza dini yako wala kabila lako. Hakukuwekea hundi wala dhamana. Mtu wa namna hiyo akiliwa mali yake, sisi twauita huo ujanja?

Na baada yake yuaja kijana mwingine wa kwetu, aingia duka lile lile, aomba aandikwe hata mwisho wa mwezi. Mhindi amwuliza, “Watoka nchi gani?” Ajibu. Daftari lafungwa. Kijana yule hajui alikosa nini.

Hata huku kijijini deni hufika kabla ya mwenyewe kuzoea kitanda chake. Wakusanya madeni hupiga simu kwa namba zile zile alizoziandika katika karatasi za mkopo kuwa ni za jamaa yake. Mama mzee ahojiwa na sauti asiyoijua, kwa lugha asiyoielewa vizuri, juu ya fedha ambazo alionyeshwa kwa namna ya bati tu. Bati lile sasa halioni kuwa zawadi tena.

Msidhani kwamba twawatetea wenye fedha. Hao nao tuna neno nao. Benki Kuu ya Falme za Kiarabu iliweka kanuni mwaka 2011 kwamba mkopo wa mtu binafsi usizidi mara 20 ya mshahara wake wa mwezi, na kwamba makato yasizidi nusu ya mshahara. Kanuni njema, walakini hata kwa kanuni hiyo mtu aweza kutwikwa mishahara ya miezi ishirini juu ya kazi iwezayo kukatwa kwa taarifa ya mwezi mmoja. Mkopeshaji ajua jambo hili vizuri kuliko mkopaji, na bado humpigia simu. Na kumfunga mtu kwa deni twaliona daima kuwa upumbavu, kwani aliye gerezani hafanyi kazi, na asiyefanya kazi halipi.

Tena yako madai ambayo sisi hatuyaiti deni. Binti aliyepelekwa kufanya kazi za nyumbani, akapigwa, akanyimwa mshahara miezi sita, kisha akakimbia, bwana wake asema, “Nakudai gharama za kukuleta.” Hilo si deni. Sheria ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2022 juu ya watumishi wa nyumbani yakataza mtumishi kutozwa gharama hizo. Binti huyo na arudi kwao haraka iwezekanavyo, kwa msaada wa ubalozi, wala asione haya mbele ya mtu. Walakini wako vijana wajifunikao kwa kanga ya binti huyu. Walikopa kwa hiari, wakanunua saa na viatu, na leo wasema walionewa. Kumchanganya aliyedhulumiwa na aliyedhulumu ni kumdhulumu wa kwanza mara ya pili.

Atauliza mtu: basi aliyeshindwa kweli kweli afanye nini? Jambo la kwanza, asinyamaze. Katika madeni haya tumeona kwamba kunyamaza huharibu kuliko umaskini. Mdai aliyeambiwa mapema, “Kazi imekatika, naomba miezi,” aghalabu hukubali kupunguza makato au kuyaahirisha, maana naye ajua gharama za mahakama. Mdai aliyekuta simu imezimwa huenda mahakamani mara moja. Iko pia sheria iliyoanza kutumika huko mwaka 2020, iliyomfungulia mdaiwa asiye mfanya biashara njia ya kwenda mahakamani mwenyewe na kuomba mpango wa kulipa kwa muda usiozidi miaka mitatu.

Atakaye kuondoka na aondoke na karatasi. Aombe benki barua ya kuthibitisha kwamba hadaiwi, afunge kadi na akaunti, adai kurudishiwa hundi ya dhamana kama ilichukuliwa, amalize hesabu za umeme, maji na simu. Simu ndogo ya dirhamu mia chache hudharauliwa, nayo yaweza kuandikwa katika kumbukumbu za wakopaji ambazo huko zimekusanywa pamoja tangu mwaka 2014.

Na yule aliyekwisha kukimbia, aliye hapa kijijini akisoma maneno haya, na asikate tamaa wala asinunue tiketi. Kwanza aiandikie benki yenyewe, aulize anadaiwa kiasi gani leo. Asimpe fedha kila apigaye simu na kujiita wakili wa benki. Wako wezi wanaoishi kwa kazi hiyo. Deni la zamani benki mara nyingi hukubali kulimaliza kwa kiasi pungufu likilipwa kwa mkupuo, lakini mapatano yawe kwa maandishi kabla ya senti moja kutoka. Kisha, na hapa wengi hujikwaa, kulipa peke yake hakulifuti jina. Barua ya kumaliza deni yapasa kufikishwa polisi au mahakamani palipofunguliwa shauri, na zuio liondolewe kwa amri. Kwa kazi hiyo humpa mtu aliye huko hati ya uwakili. Polisi wa Dubai wana njia ya mtandao ya kumwonyesha mtu kama ana shauri la fedha kwao, walakini yaonyesha ya Dubai tu. Sharjah na Abu Dhabi hayamo.

Twajua watakuja wenye kusema, “Mimi namfahamu fulani, alikimbia, akarudi, wala hakuguswa.” Twawaomba hao watuandikie, nasi tutayachapa maneno yao. Ila wasiache kutueleza mambo haya: alirudi kwa jina lake mwenyewe au kwa jingine, alikaa muda gani, alipoondoka alitokea mlango gani, na yule aliyelala kitanda cha juu, kodi aliilipa nani.